Gia Inasingiziwa

Wasikilizaji wangu wa Nachingwea na Ruangwa, vijana wa kijiweni mlioketi juu ya pikipiki zenu mkingoja abiria wa mwisho, na wewe uliye Naipanga, Ruponda, Mnero, Nkowe au Mbekenyera, redio umeitundika kwenye tawi la mkorosho, karibuni tuzungumze.

Leo nazungumzia klachi na gia za pikipiki kuukuu. Nasema kuukuu, msikilizaji. Mwenye pikipiki ambayo kiti chake bado kina nailoni ya dukani anaweza kwenda kuchota maji, atatukuta kwenye oili. Nazungumza na mwenye ile iliyokwisha shonwa kiti mara mbili, taa ya nyuma imefungwa kwa mpira wa tyubu, na funguo unaichomoa huku injini ikiunguruma na wala haijali. Wenyewe mnajijua.

Sasa sikiliza. Umesimama kijiweni, injini inawaka, abiria amekwisha panda na mfuko wake wa mbaazi. Unashika klachi, unakanyaga gia ya kwanza. Kraa! Pikipiki inaruka mbele kama mbuzi aliyechapwa, halafu inazima. Unapiga kiki. Unatafuta fri, fri haionekani. Kitaa cha kijani kinakukonyeza mara moja kisha kinapotea. Unapanda gia, unashuka gia, fri hakuna. Na abiria naye huko nyuma, hata hajaulizwa, anasema: "Kaka, hiyo gia boksi imekwisha." Huku kwetu kila abiria ni fundi.

Nakuuliza, msikilizaji: kweli gia boksi imekwisha? Jibu langu, na nitalirudia jioni hii mpaka unichoke: mara nyingi gia inasingiziwa. Kelele inatoka kwake, kosa ni la mwingine.

Ngoja nikusimulie yaliyonipata. Mimi nilikuwa bwana shamba, na baadhi yenu nimewafundisha kupulizia mikorosho. Nilipokaribia kustaafu nilinunua mnadani Honda XL, mia na ishirini na tano, ya zile za miradi ya zamani, imechakaa lakini injini inaitika kiki ya pili. Mwaka wa kwanza raha. Mwaka wa pili ikaanza hiyo kraa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, mji sitautaja. Akaisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema uma wa gia umepinda, injini ipasuliwe. Ikapasuliwa. Siku nne pikipiki yangu ililala kwenye beseni, vipande vipande, kuku wanapita juu. Nikanunua gia za mtumba, nikanunua gasketi, nikanunua na soda za mafundi. Siku ya tano ikafungwa, nikaiwasha, nikashika klachi, nikakanyaga gia ya kwanza.

Kraa!

Ni mzee mmoja wa Naipanga, fundi wa baiskeli kwanza na pikipiki baadaye, ndiye aliyenisaidia. Nilimkuta chini ya mwembe anaziba pancha. Nikamweleza habari yote, uma, gia za mtumba, beseni, kuku. Akaniacha nimalize. Kisha akasema: "Bwana shamba, hebu shika klachi."

Nikashika. Hakutazama injini hata kidogo. Alitazama mkono wangu.

"Achia. Shika tena. Polepole."

Nikashika polepole. Akainama, akachomeka ncha ya bisibisi pale kichwa cha waya kinapokaa kwenye leva. Akaniita nione. Lile tundu linaloshikilia kichwa cha waya, ambalo lilitoka kiwandani likiwa duara, lilikuwa limelika likawa kama yai. Na waya wenyewe, pale unapoingia kwenye gamba lake, nyuzi zilikuwa zimekatika na kusimama kama sharubu za paka. Zilibaki nne au tano zikifanya kazi ya zote. Mzee akanyooka, akajipangusa mikono, akasema: "Wewe unashika klachi, lakini injini haijapata habari."

Waya mpya na leva mpya. Hela yake haikuzidi ya sahani mbili za chipsi mayai. Kraa ikaisha siku hiyo hiyo. Zile gia zilizotolewa bado ninazo, nazitumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge, na kila nikizitazama naona hazina kosa lolote.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Klachi ni nini? Fanya hivi hapo ulipo. Unganisha viganja vyako viwili kama mtu anayeomba. Vibane kwa nguvu. Sasa jaribu kusogeza kiganja cha kulia mbele. Cha kushoto kinakwenda nacho, sivyo? Legeza kidogo. Cha kulia kinateleza, cha kushoto kimebaki. Basi hiyo ndiyo klachi. Ndani ya injini, upande wa kulia kwa pikipiki zetu nyingi, kuna pleti zimepangwa kama chapati: moja ya chuma, moja yenye utando wa kukamata, ya chuma, ya utando. Springi zinazibana. Ukishika leva, waya unavuta mkono mdogo ulio ubavuni mwa injini, pleti zinaachiana, nguvu ya injini haifiki kwenye gia. Ukiachia leva, springi zinabana tena, mwendo unarudi. Na chapati hizo zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Shika neno hilo, oili ile ile ya injini. Tutalirudia.

Kama klachi ni viganja viwili, maradhi yake makubwa ni mawili tu. La kwanza, klachi haikati: umeshika leva, lakini viganja havijaachiana vizuri. La pili, klachi inateleza: umeachia leva, lakini viganja havijabanana. Moja imekataa kuachia, nyingine imekataa kushika. Nasema tena. Haikati: imekataa kuachia. Inateleza: imekataa kushika.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Kijana anasikia klachi yake ina shida, anakimbilia ajasta, anakaza waya. Kama ugonjwa ni kutokata, amepata. Kama ugonjwa ni kuteleza, amezidi kuzitenganisha pleti ambazo tayari hazishikani, na wiki haitaisha kabla hajasikia harufu ile. Mnaijua. Harufu kama ya plastiki na nywele zikiungua pamoja.

Utajuaje ipi ni ipi? Tuanze na isiyokata. Dalili ni ile kraa, na pikipiki kuruka ukiweka gia ya kwanza. Dalili kubwa zaidi ni fri: injini ikiwaka fri haipatikani, ukizima inaingia kama kisu kwenye ndizi mbivu. Kipimo chake ni rahisi. Zima injini, weka gia ya kwanza, shika klachi mpaka mwisho, sukuma. Inatakiwa itembee, labda na uzito kidogo asubuhi oili ikiwa baridi. Ikigoma, au ukiona unaburuta ng'ombe asiyetaka josho, klachi haikati.

Sasa inayoteleza. Unapanda kilima na gunia nyuma, unaongeza moto, injini inapiga kelele kubwa, kasi hakuna. Kelele nyingi, mwendo mdogo. Ukitaka uhakika, sogeza gurudumu la mbele mpaka liguse shina la mwembe, washa, weka gia ya tatu, ongeza moto kidogo, kisha achia klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini pale pale. Iliyochoka, injini itaendelea kuzunguka na pikipiki imesimama. Fanya mara moja tu, msikilizaji. Ukirudiarudia ili kuwaonyesha marafiki, utakuwa umeimalizia mwenyewe.

Halafu kuna kipimo ambacho ningekijua mapema, wale kuku wasingepita juu ya mali yangu. Ni kipimo cha kumsafisha aliyesingiziwa. Zima injini. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma liwe hewani. Kwa mkono mmoja zungusha gurudumu taratibu, kwa mkono mwingine bonyeza pedeli ya gia. Ya kwanza, fri, ya pili, ya tatu, panda hadi mwisho, shuka. Zinaingia zote bila ugomvi? Basi kama injini ikiwaka zinagoma, gia hazina hatia. Gia ile ile, uma ule ule, kilichoongezeka ni injini inayozunguka na klachi isiyoikata. Fundi akikwambia tupasue, mwombe kwanza mfanye kipimo hiki pamoja. Dakika tano. Akikataa kutoa dakika tano, ondoka na pikipiki yako.

Sasa tumejua klachi ndiyo mgonjwa. Tuanzie wapi? Tuanzie nje, twende ndani. Tuanzie kwenye cha bei ndogo. Na cha bei ndogo kuliko vyote ni waya.

Shika leva kwa kidole kimoja, ivute taratibu. Kuna mchezo mdogo kabla hujahisi uzito. Mchezo huo lazima uwepo. Ukipima kwenye ncha ya leva uwe kama sentimita moja, usizidi mbili. Ukipima kwenye shina la leva, uwazi uwe unene wa sarafu moja hadi mbili. Mchezo ukizidi, klachi haikati. Mchezo ukikosekana kabisa, klachi inateleza, maana ni kama umeishika nusu siku nzima. Ajasta ziko mbili, moja juu kwenye leva, nyingine chini kwenye injini. Wengi wanachezea ya juu mpaka nyuzi zake za skrubu zinabaki tatu, siku moja inang'oka barabarani. Ya juu ifunge yote ndani kwanza. Weka kipimo kwa ile ya chini, kaza nati yake. Ya juu ibaki kwa kurekebisha njiani. Ukimaliza, geuza usukani kushoto kabisa, kulia kabisa. Leva ikikaza upande mmoja, waya umepitishwa vibaya, unavutwa kila ukikata kona.

Na waya unataka oili. Hapa ardhi yetu inahusika. Kiangazi kizima tunatembea kwenye mchanga na vumbi jekundu, na waya wa klachi unaingia injini kwa chini, karibu na gurudumu la mbele linalotimua yote hayo. Mchanga unapanda ndani ya gamba, unasaga nyuzi. Ukiona leva imekuwa nzito mpaka jioni kiganja kinauma, mara nyingi ni mchanga huo. Fungua waya, uning'inize kwenye msumari. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kama urefu wa kidole, kivike juu ya gamba, kifunge kwa uzi kiwe kama faneli. Zamani tulitumia kona ya mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, na kusema kweli tyubu ni bora zaidi. Mimina oili nyepesi, ile ya cherehani inafaa. Sogeza waya juu na chini kidogo. Iache usiku kucha. Mwanzo hakuna kitu. Asubuhi utakuta tone jeusi limetoka chini, lina chembe ndani. Huo ndio mchanga wa njia ya Ruponda uliokuwa unakula waya wako.

Waya ni mzima, mchezo uko sawa, shida ipo bado? Tusifungue. Twende kwenye oili. Mwenye pikipiki mpya, rudi, zamu yako imefika.

Nimesema oili ya klachi ndiyo ile ile ya injini. Na katika pikipiki nyingi ndiyo ya gia pia. Oili moja, kazi tatu. Kwa hiyo oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, ambayo muuzaji mwenyewe hajui ilitoka kwenye dramu gani, inakwenda kuishi na pleti zako. Ikiwa nzito mno au imezeeka ikawa kama lami, pleti zinagandana, klachi haikati. Na oili nyingine za magari madogo zina vitu vya kuongeza utelezi ili gari litumie mafuta kidogo. Kwenye gari ni sawa, klachi yake kwa kawaida ni kavu, inakaa mbali na oili. Kwenye pikipiki utelezi huo unafika kwenye utando wa kukamata. Tafuta kopo lililoandikwa ni la pikipiki, lenye herufi hizi: JASO MA. Herufi MA mwishoni zina maana imepimwa kwa klachi zinazoogelea. Ukiona MB, hiyo ni ya pikipiki ambazo klachi yake haimo kwenye oili. Usiitie.

Ndugu zangu wa Ruangwa, hapa kuna jambo lenu. Mnajua ardhi yenu ina kinywe. Madini yale meusi, ukiyasugua kidoleni yanateleza kama sabuni. Duniani kinywe kinasifika kama kilainishi kikavu, watu wanakipaka kwenye kufuli na kwenye nyaya. Basi usije ukapata akili ya kukitia kidogo kwenye oili ili injini ilainike. Vitabu vya maelekezo vya Honda, miaka na miaka, vinaonya wazi: usitumie oili iliyotiwa kinywe wala molibdenamu, itaiharibu kazi ya klachi. Klachi inaishi kwa kukamatana. Ukiilainisha, umeiua. Kwenye waya sawa. Kwenye oili, hapana.

Kuna jambo moja limo mkononi mwa dereva, halimo dukani. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, magunia yanakimbizwa kwenye maghala ya vyama vya msingi kuwahi minada ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, na pikipiki ndiyo inayotoa mzigo shambani. Lami imetusogelea, tunashukuru, lakini mkorosho hauko kwenye lami. Dereva anaingia kwenye mchanga mzito na magunia mawili, gia ya pili, injini inataka kuzima, anafanya nini? Anashika nusu klachi. Anaongeza moto, nusu klachi. Anatoka kwenye mchanga, vidole viwili bado viko kwenye leva, vimejisahau. Kilomita nzima klachi imebanwa nusu, pleti zinasuguana, zinapata moto. Shuka gia ya kwanza, achia leva yote. Na ukishatoka, ondoa vidole. Leva ya klachi haina cha kukushikilia wewe.

Sasa, kama baada ya yote hayo bado inateleza, hapo tufungue mfuniko wa kulia. Mwaga oili kwanza, uipokee kwenye chombo cheupe, uitazame. Kisha simama karibu na fundi, usiende kunywa chai. Kuna nati katikati ya klachi, katika pikipiki nyingi zetu ni ya mviringo yenye mifereji minne. Spana yake ni ya meno manne. Fundi asiye nayo atachukua tindo na nyundo. Mzuie, mwanangu. Kila pigo linaingia kwenye beringi za ndani, na nati ikishaliwa na tindo haifunguki tena kwa heshima. Mtu wa kuchomelea anaweza kuchonga spana hiyo kutoka kwenye kipande cha bomba, asubuhi moja imekwisha.

Pleti zikitoka, ziangalie moja moja. Za chuma zilaze juu ya kioo: ukiona mwanga unapita chini yake, imepinda, na iliyopinda haiachii. Ikiwa na rangi ya buluu, iliungua. Za utando, linganisha unene na mpya, nunua moja kwanza ya kulinganishia. Springi nazo zisimamishe sambamba na mpya, iliyofupika imechoka, na zibadilishwe zote pamoja. Kuna ujanja wa kuweka washa chini ya springi ili zibane zaidi. Utafika nao nyumbani, sikatai. Lakini leva inakuwa nzito, waya unakatika, na pleti zilizokwisha zinabaki zimekwisha. Halafu pitisha kucha kwenye vidole vya lile bakuli linalobeba pleti, wengine wanaliita hauzingi. Ukucha ukinasa kwenye vijifereji, ndiyo sababu pleti zinakwama kama droo ya kabati kuukuu: klachi haikati hata kwa waya mpya. Vijifereji vidogo vinasawazishwa kwa tupa. Vikubwa, tafuta bakuli jingine. Na pleti mpya usizifunge kavu, zilowe kwenye oili usiku mmoja.

Jambo dogo nilitaka kulisahau. Pikipiki iliyolala kibandani masika nzima, pleti zinaweza kugandana tu, bila ugonjwa wowote. Weka gia ya tatu, shika klachi, isukume mbele na nyuma kwa mtikiso. Utasikia tak, zimeachiana.

Je, gia haina kosa kabisa? Hapana, nitakuwa mwongo. Kuna siku ni yeye kweli. Pikipiki inayotema gia ya pili ukiwa kwenye kilima, inachomoka yenyewe, meno ya kushikana huko ndani yamekuwa duara, au uma umepinda, na hapo kupasua ni lazima. Usiendelee kuiendesha huku umeikandamiza pedeli kwa mguu. Unamalizia na uma. Lakini hata hapo, tazama cheni kwanza. Cheni iliyolegea ikiruka meno ya spoketi ndogo inapiga kak-kak, na dereva anaapa kwamba ni gia. Tazama pedeli yenyewe: ukiangukia kushoto inapinda, inagusa ubavu wa injini, gia haifiki mwisho. Tazama boliti yake, ya spana namba kumi. Ikilegea, pedeli inazunguka juu ya shafti na wewe unakanyaga upepo. Na pedeli isiyorudi katikati mara nyingi ni springi ya kurudishia, ambayo kwenye injini za aina ya Honda CG imekaa nyuma ya klachi, chini ya mfuniko ule ule wa kulia. Huna haja ya kupasua injini.

Na CG hiyo ndiyo mama wa nyingi mnazoziendesha. Honda waliileta mwaka 1976, valvu zake zinasukumwa kwa vijiti badala ya cheni ndefu, kwa sababu ilikusudiwa nchi ambako pikipiki inafanya kazi ya punda na fundi yuko mbali. Wachina wakainakili, ndiyo maana kipuri cha jina moja kinaingia kwenye pikipiki ya jina jingine. Injini iliyotarajia kutunzwa vibaya. Lakini hata yenyewe ina mwisho wa uvumilivu.

Nachingwea inajua habari za mashine zilizokosa watunzaji. Wazee wetu walihadithiwa, wengine waliona: kuanzia 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga, na huku kwetu ukaletewa mpaka reli ya kutoka Mtwara. Mitambo mingi ya mpango ule ilikuwa mabaki ya vita, mingine vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Ilifika imechoka, vipuri havikutosha, mafundi hawakutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na reli nayo haikukaa miaka mingi baada ya hapo. Karanga zilikuwa na shida zake, udongo na mvua, mimi bwana shamba siwezi kuzisingizia mashine kwa yote. Ila nikipita kata ya Stesheni, mahali penye jina la stesheni na treni hakuna, nafikiria klachi za mitambo ile, ngapi ziliungua.

Muda wangu unakatwa, naona fundi mitambo ananionyesha vidole. Swali moja nililoletewa na kijana wa Ruangwa wiki iliyopita: je, ni vibaya kugonga gia bila kushika klachi? Kijana, kupanda gia ukiachia moto kwa wakati wake, pikipiki inaweza kukusamehe. Kushuka, hapana. Na kama unagonga bila klachi kwa sababu ukiishika haikati, basi umekwisha jua ugonjwa wako, anza na waya.

Wangu uko msumarini nyumbani tangu jana jioni, na tyubu yake kichwani, kopo la maziwa chini yake. Mama watoto ananuna kwamba nimechukua msumari wa kalenda. Nilipotoka kuja hapa tone la kwanza lilikuwa halijafika chini. Kwaherini, ngoja nikaangalie kopo.